Mashine ya Mahari ya Boke

Kenyamonta, 11 Februari 2024

Dada Boke,

Shikamoo. Huku tupo. Mvua imenyesha mara moja ikaondoka. Mahindi yametoka lakini yamesimama kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Binti yangu Jesca bado anafua mashuka ya wageni kule kambi ya watalii karibu na Natta, anakusalimia. Mimi kifua kinasumbua, ni moshi wa jiko la sukari. Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto linasikia mtu akipiga kelele. Ni injini imeyala masikio. Kwa hiyo usiniulize tena kwa nini simu nimempa Jesca. Simu ya nini kwa mtu asiyesikia. Wewe andika, mpe Gidion, yule konda wa basi la Mugumu. Ataleta.

Barua yako nimeipata. Mwandiko si wako. Umeandika kwa mkono wa kushoto. Unasema wa kulia umevunjika, umeteleza kisimani. Dada, mwaka jana uliteleza jikoni. Mwaka ule Honoratha wangu amefariki, ulikuja msibani na jicho limefunga, ukasema ng'ombe amekupiga na mkia. Mke wangu alikuwa amelala pale kwenye jeneza, sikuuliza. Sasa nauliza. Mseti amekupiga?

Kama ni mumeo, sema. Kama ni kisima, nitakuja kukifukia.

Mdogo wako,
Nashoni


Sirari, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Nashoni,

Marahaba. Pole na kifua. Kunywa maji ya moto asubuhi kabla ya moshi. Hapa Sirari tunaendelea, soko limejaa, vitu vinatoka Kenya vingine vinakwenda Kenya. Wanangu wazima. Yule wa Mwanza amepata mtoto wa kike, wamempa jina langu. Sijamwona.

Kisima usije kukifukia, watu wanachota.

Siko nyumbani. Niko kwa Verdiana, muuguzi wa zahanati, mtu wa Bukoba. Nilienda kufungwa plasta, akaniuliza leo unalala wapi. Akanitandikia godoro. Simu yangu amebaki nayo Mseti, ndiyo maana naandika na mimi. Verdiana ana kopo la senene, ametumiwa na mama yake. Nimekula panzi, Nashoni. Sasa unajua nimefika wapi.

Halafu nilitaka kukuuliza. Ile mashine ya miwa bado inafanya kazi? Hapa ng'ambo wana mashine za stima, yaani umeme, wanapika sukari guru, wao wanaita nguru. Nikaikumbuka ya kwetu. Ni hilo tu.

Dada yako,
Boke


Kenyamonta, 24 Machi 2024

Dada Boke,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Senene hakuna neno, kula. Mvua imerudi, sasa imezidi. Makapi ya miwa hayakauki, na bila makapi makavu sina cha kuwashia moto. Nimekamua kidogo tu.

Umeuliza mashine. Inafanya kazi. Rola ya juu bushi imekwisha, nimeweka kipande cha ngozi ya ng'ombe na grisi. Inalia lakini inakamua. Meno mawili yamekatika. Yale maandishi ya Kizungu ubavuni hayasomeki siku hizi, nimeyafuta kwa kuegemea.

Siku ilipokuja naikumbuka. Ilikuja kwa mkokoteni wa fahali wawili, nyuma ya ng'ombe za mahari yako. Watu walicheka. Baba alikasirika, akasema ameomba ng'ombe ameletewa chuma. Baba yake Mseti akamwambia zizi lake limepitiwa na ugonjwa, ng'ombe zimepungua, lakini hiki chuma hakiugui. Akabaki kwetu mpaka nikajua kazi. Alinifundisha kubana rola na kutia chokaa povu lipande. Sukari imeiva ukidondosha tone kwenye maji ya baridi likawa gumu, likalia kwenye kopo.

Ndiye aliyenieleza shamba la Mhindi kule karibu na ziwa, alikofanya kibarua ujanani. Alisema kinu kikubwa kilikuwa cha mvuke, rola ndefu kama mtu amelala. Masufuria yamepangwa mstari juu ya moto mmoja. Mtu na kata yake anahamisha juisi, kutoka hili kwenda lile, kila moja nzito kuliko la nyuma. Mwisho kuna pipa la matundu, linazungushwa kwa kasi mpaka molasi inaruka nje, sukari nyeupe inabaki ndani. Vibarua hiyo nyeupe hawakuionja. Walipewa molasi. Shamba lilipokufa, kinu kikubwa kilikatwakatwa kikabebwa. Hii yetu ndogo ilikuwa imetupwa nyuma ya ghala, ya tangu enzi ya kuzungushwa na ng'ombe. Mhindi akamwambia chukua.

Mimi nimeongeza injini na mkanda. Mengine ni yale yale.

Ng'ombe zako hazikulala kwetu hata msimu. Baba alizipeleka kwa akina Honoratha, nikaoa. Mashine ikabaki uani. Ndiyo inanilisha. Shamba langu unalijua, mawe.

Sasa dada, mtu hakumbuki chuma hivi hivi. Unataka nini?

Nashoni


Sirari, 28 Aprili 2024

Mdogo wangu Nashoni,

Marahaba. Barua yako imechelewa. Gidion anasema maji yalipita juu ya barabara wakalala njiani. Imefika imelowa lakini nimesoma. Plasta imetolewa. Vidole viwili havifungi. Ona mwandiko, ni mkono wa kulia huu. Msalimie Jesca, mwambie asifue bila kula.

Mseti alikuja hapa kwa Verdiana. Alikuja na wazee wawili wa kwao. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akanywa chai mpaka ikaisha. Halafu akasema mimi ni mke wake mpaka alichotoa baba yake kirudi. Akasema nisiporudi kwa miguu nitarudi kwa jeneza, maana nikifa leo anayenizika ni yeye, uani kwake, na hakuna wa kumkataza. Wale wazee wakaitikia kwa kichwa.

Verdiana akamwambia sheria ya talaka haijui ng'ombe. Alimwambia kwa adabu, nikamwonea fahari. Baadaye akaniambia twende ustawi wa jamii, twende na mahakamani. Nitaenda. Lakini nilimwambia, "Mwanangu, ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Mseti hafungwi."

Na karatasi ya mahakama haichimbi kaburi. Atachimba Mseti, pale kati ya zizi na choo, alipomweka mama yake. Nashoni, nimelala kwenye ule uwanja toka nikiwa msichana. Nikifa sitaki kulala pale tena. Hilo tu ndilo ninalotaka. Mengine yameshapita.

Sikuombi kitu. Umeuliza, nimekujibu.

Dada yako,
Boke


Kenyamonta, 12 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Jesca mzima. Mvua inaendelea.

Umesema huombi. Basi na mimi sijaombwa.

Nikitoa mashine nakula nini? Nina miaka sitini kasoro. Hakuna anayemwajiri kiziwi hata kubeba zege, akiambiwa sogea hasogei. Watu wananiletea miwa yao kwa sababu mashine iko hapa. Ikienda kwingine watapeleka huko. Hawanipendi mimi.

Kaa kwa Verdiana. Mseti naye mzee, atachoka.

Najua ng'ombe za nani zilimleta Honoratha. Usiniandikie hilo.

Nashoni


Sirari, 16 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijakuandikia hilo, na sitakuandikia. Nimengoja barua nyingine, Gidion anapita anatikisa kichwa.

Verdiana amepata uhamisho. Anarudi kwao Kagera mwisho wa mwezi wa nane. Nyumba ni ya serikali, atakayekuja simjui. Amesema twende wote. Mimi niende Bukoba kufanya nini, kukaanga senene? Ustawi wa jamii tulienda. Dada wa pale alisikiliza vizuri, akamwita Mseti, Mseti hakwenda. Ameitwa tena.

Nimechoka, Nashoni. Hata hasira imechoka.

Maharage ya hapa yamezaa vizuri mwaka huu. Ukipita kaburini kwa Honoratha, nisalimie.

Boke


Kenyamonta, 14 Julai 2024

Dada Boke,

Shikamoo. Huku ni jua sasa, watu wanavuna. Jesca alikuja siku ya Sabato na sabuni za kambini, vipande vidogo vinanukia kama pipi.

Nimepita kwa Honoratha. Nimemfikishia salamu zako. Nikakaa pale. Kisha nikamwita Gidion, nikamwambia ampelekee Mseti habari aje Kenyamonta na wazee wake, achukue cha baba yake.

Wamekuja. Upande wetu alisema Nikodemo, unamjua, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Nilikaa sikio la kushoto likiwa kwake. Kila kinachosemwa ananipigia kelele, kwa hiyo kijiji kizima kilisikia kila neno mara mbili.

Ng'ombe hazikusumbua. Wazee walisema umemzalia Mseti watoto watano, wote wanaitwa kwa jina lake, ng'ombe zimejilipa. Ikabaki mashine, kwa kuwa yenyewe haijafa.

Hapo Mseti akasimama. Mimi sikusikia, niliona tu watu wameshika matumbo, mwanamke mmoja amekaa chini. Nikodemo naye alikuwa anacheka, akachelewa kuniambia. Kumbe Mseti amesema ng'ombe wa mahari akirudi baada ya miaka mingi harudi peke yake, anarudi na uzao wake. Akanyoosha kidole kwenye injini. Akasema ile ni ndama. Imeingia hapa nyuma ya mashine, imefungwa nayo kwa mkanda, na ukiitenga haina kazi.

Wazee wake hawakucheka. Wakaanza kulijadili kweli. Mmoja akasema kama ni hivyo basi molasi ni maziwa, na mimi nimekamua miaka yote bila kumpelekea mwenye ng'ombe hata kibuyu. Mwingine akasema hapana, ndama hunyonya mama, huyu mbona ndiye anamvuta mama. Wakaenda hivyo mpaka jua likatufuata chini ya paa.

Nikodemo akasimama. Akamwambia Mseti, "Sawa, tumekubali ni ndama. Tuonyeshe dume aliyempanda mama yake. Kama dume alikuwa wa Nashoni, tunagawana."

Mseti akakaa.

Wakaamua mashine iondoke kama ilivyokuja. Ilikuja nzima, inakamua, kwa hiyo ni lazima ikamue mbele ya anayeipokea. Nikafungua mkanda. Nikasogeza injini kando. Ule mti mrefu wa kuzungushia nilikuwa nimeutumia kwenye paa la banda, nikaushusha. Banda likalala upande. Nikodemo akaleta fahali wake wawili. Hawajui kazi hiyo, walizunguka kama wanatafuta mlango. Nikalisha miwa mpaka ndoo ikajaa. Sisi ni Wasabato, pombe hatuna, kwa hiyo upande wetu na upande wao tulikunywa ile juisi kwa kikombe kimoja. Mseti akanywa.

Nikodemo akamwuliza umepokea. Akasema nimepokea. Akamwuliza Boke sasa ni wa nani. Akatazama mashine. Akaulizwa tena. Akasema, "Ni wa kwao."

Hilo halikupigiwa kelele. Nililisikia mwenyewe.

Wakapakia kwenye tela la trekta. Sikuwasaidia. Baadaye niliwasaidia, walikuwa wanaishika vibaya, wangevunja miguu yake.

Njoo nyumbani.

Nashoni


Sirari, 28 Julai 2024

Mdogo wangu Nashoni,

Marahaba. Mungu akupe maisha. Barua yako nilimsomea Verdiana. Kwenye ndama alianguka kitandani, akasema ataiandika ukutani zahanati. Mimi nilicheka naye. Alipoenda kazini nikatoka nje nikakaa tu.

Mashine nimeiona. Ilipita sokoni juu ya tela, watu wakiuliza ni kitu gani. Iko mbele ya nyumba ya Mseti, kuku wanaiparamia. Miwa hana na hatapanda. Alitaka tu uani kwako pawe patupu.

Utakula nini? Umeandika fahali, umeandika paa, hilo hukuliandika.

Na kuna jambo lingine. Nimelinyamazia mpaka limenishinda. Unamkumbuka shangazi, yule aliyerudi kwa babu baada ya kuachika. Alipokufa wazee walikataa asizikwe na wenzake. Walisema binti aliyerudi hawekwi ndani ya uzio wa baba yake. Wakamweka nje, pembeni ya njia, peke yake. Mbuzi walikuwa wanalala juu yake kwa sababu ya jua. Mama alikuwa anawafukuza na kulia. Mama mwenyewe yuko ndani ya uzio, na Honoratha.

Nikodemo hajabadilika toka enzi hizo. Kwa hiyo umetoa chakula chako nitoke kwa Mseti nikalale njiani. Kama ni hivyo niambie sasa. Nitaenda na Verdiana. Bukoba hakuna anayenijua, watanizika popote na mimi sitajua.

Usinidanganye kunifurahisha. Hujawahi.

Dada yako,
Boke


Kenyamonta, 18 Agosti 2024

Dada Boke,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia, siko nyumbani siku zote. Jua ni kali, nyasi zote zimekuwa za kuungua. Jesca mzima.

Umeuliza nakula nini. Jesca aliongea na watu wa kambi. Nafyeka nyasi, nakusanya kuni za wageni. Naenda Natta, narudi jioni kabla ya Sabato. Msimamizi akitaka kuniita ananirushia kokoto mgongoni, tumezoeana. Kazi ni ya vijana. Magoti yanauma mpaka mdomo hautaki kula. Lakini kifua kimetulia, moshi hakuna. Injini nimeifunika na turubai. Sijui naifunika ya nini.

Umeuliza uzio. Nilienda kwa Nikodemo. Nikamwuliza akiwa amekaa, ajibu polepole nimtazame mdomo. Akasema ndiyo, binti aliyerudi anakaa nje ya uzio, ameikuta hivyo na ataiacha hivyo, nisimwombe abadilishe. Nikamwambia sijaja kuomba abadilishe.

Jumapili nimeng'oa uzio wa upande wa makaburi. Minyaa nimekata, nguzo nimechomoa, nikaurudisha ndani mpaka karibu na ukuta wa nyumba. Jumapili ya pili nimemaliza. Sasa mama yuko nje. Honoratha yuko nje. Na mimi nitakuwa nje, nimeshamwambia Jesca. Upande wa njia nimeweka miiba, mbuzi wasipite.

Nikodemo alikuja na fimbo yake. Akauzunguka wote. Akasimama sana pale kwa mama. Nikangoja anipigie kelele. Hakupiga. Alisema uzio ni wangu, naweza kuuweka ninapotaka. Akaomba maji, akanywa, akaenda.

Uani pamekuwa padogo. Kuku wawili wakipishana ni ugomvi. Utalala nyumba ya Honoratha, nimeifagia.

Nafasi yako iko kati yake na mama. Haina haraka. Panda basi la Gidion, kuna mtama wa kupiga.

Nashoni